Zambarau ya Kutoka Benchini

Kinama, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, na umpe Mama nusu yake kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima. Shangazi Mado, dada yako, naye ni mzima, na amenikataza kukuandikia kwamba nimekonda, kwa hiyo sikuandikii. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoanguka na ngazi? Je, Bibi amekubali kulala ndani ya chandarua, au bado anasema kinamkumbusha wavu wa ndagala? Na kikohozi cha Mama? Niandikie ukweli. Barua iliyopita uliandika tu "sisi wote wazuri", na mimi nakujua, ukiandika hivyo kuna kitu umekipaka rangi.

Kwanza nijibu swali lako. Umeniuliza patron wangu ni tajiri wa namna gani, hata ampe msichana aliyetoka shule juzi kazi ya kumchagulia simu. Nilicheka, nikamsomea Shangazi, naye akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kosa ni langu. Nilikuandikia kwamba ninamchagulia Patron Severini "portable", nikasahau kwamba huko Kalemie portable ni simu peke yake. Hapa neno hilo lina watoto wawili. Kuna portable ya kusikiliza, ambayo ni simu, na kuna portable ya kufanyia kazi, ambayo ni kompyuta inayojikunja kama daftari, yenye betri ndani. Hata mimi nimeumbuka nalo. Wiki yangu ya kwanza Patron alikuwa mlangoni na mteja, akasema, "Faida, leta portable." Nikakimbia nikatoa simu kwenye koti lake, nikamletea kwa mikono miwili na kupiga goti. Yeye alitaka kompyuta. Tangu siku ile Dada Espe, anayepiga mashine ya kuandika hapa kazini, kila simu ikilia ananiambia, "Faida, kompyuta inaita."

Sasa nikueleze mambo ya hiyo portable, kwa sababu yamenifundisha kitu ambacho wewe ulikuwa ukinifundisha miaka yote nami nikidhani unapoteza muda.

Unajua kazi yetu. Tuko Nyakabiga, chumba kimoja cha barabarani, katikati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Watu wanakuja kuandikiwa barua za serikali, na wengine wanataka vitu vya kuchorwa: kadi za arusi, lebo za sabuni, programu za mazishi. Hivyo vya kuchorwa ndivyo ninavyofanya. Ninavichora kwenye kompyuta, mteja anaangalia kwenye kioo na kusema ndiyo au hapana, kisha kazi inawekwa kwenye disketi na kupelekwa mjini kwenye nyumba ya kuchapa. Ikishatoka huko haibadiliki tena. Kwa hiyo ile "ndiyo" ya mteja mbele ya kioo ni kama kiapo.

Kompyuta yetu kubwa ya mezani ilikuwa nzuri, lakini haina betri. Umeme ukikatika inazimika kama mshumaa, na kazi yote ambayo hukuihifadhi inakufa. Na umeme unakatika, Baba. Siku nyingine unaondoka tangu asubuhi. Siku nyingine upo, lakini sisi wa kaskazini ndio hatufiki, maana milio ya bunduki ikisikika milimani basi dogo halitoki Kinama. Tunasimama barabarani kungoja mtu anayetoka upande wa mjini atuambie kama njia iko wazi. Nikifika saa nne ninakuta wateja wamenuna, na jioni tunafunga mapema ili kila mmoja awe kwake kabla ya saa ya kutotembea. Saa za kazi zimekuwa chache kama meno ya Bibi. Ndiyo maana Patron akaamua kununua portable.

Muuzaji ni Baba Idi, mtu wa Buyenzi, Mwislamu mchangamfu anayeleta mashine zilizotumika kutoka Dubai. Alileta mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya fedha, kioo kipana kinachong'aa, na betri yake inakaa karibu saa tatu. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene kama Biblia ya paroko, nzito, herufi zake hazikupangwa Kifaransa, na kibonye cha herufi Q kimeng'oka, umebaki mfupa wake tu. Betri yake inakaa nusu saa ukiwa na bahati.

Baba Idi alimwambia Patron, "Hii ya fedha, rafiki, ukiifungua mbele ya muteja, anakuheshimu mbele hujasema kitu. Hii nyeusi nimeileta tu kwa sababu ilikuwa na nafasi kwenye sanduku."

Patron akanigeukia. "Faida, we ndiye utakaa nayo. Ujaribishe hii ya fedha wiki mbili, kisha nyeusi wiki mbili. Mwisho uniambie. Lakini mi najua utaniambia nini."

Mimi nikasema, "Ego, patron," yaani ndiyo, nikiangalia miguu yangu. Unanijua.

Nilichukua daftari langu la mwisho la shule ambalo lina kurasa tupu, nikachora mistari na kuandika kila nilichotaka kujua. Inawaka kwa muda gani? Picha kubwa inafunguka haraka au inawaza kwanza? Inapata moto? Inasoma disketi zetu za zamani? Ninapoandika jina la mteja, herufi ziko mahali vidole vyangu vinapozitafuta? Nilifurahi mno na daftari hilo. Dada Espe aliniuliza kama ninaandika riwaya. Swali moja tu sikuliandika, na ndilo lililonitia matatani.

Wiki ya kwanza ya ile ya fedha alikuja Mama Konsolata. Yeye ni kiongozi wa kwaya ya parokia moja ya huku kaskazini. Kwaya hiyo ilitawanyika watu walipokimbia, wengine wakavuka kwenda Tanzania, wengine hawakurudi kabisa. Sasa waliobaki wamekusanyika tena na wanataka kuimba siku moja kwa pamoja, na kadi za mwaliko ndizo alizotaka kwetu. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa kanzu ya kwaya iliyokunjwa vizuri.

"Zilikuwa makumi na makumi," alisema. "Imebaki hii moja. Nilikimbia nayo tumboni, chini ya kitenge, watu wakafikiri nina mimba. Na umri huu wangu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kadi iwe rangi hii hii. Wakiiona tu wajue ni sisi."

Kanzu ilikuwa zambarau, Baba. Zambarau nzito, yenye wekundu kidogo chini yake, kama ile uliyompakia yule mwenye duka la dawa kwenye kibao chake.

Nikachora. Mama Konsolata alikaa kwenye benchi letu fupi la wateja, lililo pembeni ya meza yangu, kanzu magotini. Patron alisimama nyuma yangu. Mimi nikawa nabadilisha rangi kidogo kidogo, naye anasema bado, bado, ongeza. Mwisho akasema, "Hiyo. Hapo hapo. Usiiguse tena, mwanangu."

Patron naye akasema, "Mi naona iko na bluu kidogo, lakini mwenye kwaya ni wewe."

Mimi, kutoka kwenye kiti changu, sikuona zambarau. Niliona rangi iliyochoka, karibu na ya maharage yaliyochemka. Niliona hivyo waziwazi. Nikanyamaza. Nilijiambia, mama mzima amesema ndiyo, Patron hakukataa, mimi ni nani? Nikahifadhi, disketi ikaenda mjini.

Kadi zikarudi. Zilikuwa rangi ya maharage.

Mama Konsolata hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alishika kadi moja, akaiweka juu ya kanzu, akaiangalia muda mrefu. Akasema, "Ile niliyoona si hii. Macho yangu ni mabaya kwa kusoma, lakini kwa rangi apana. Niliona zambarau."

"Hata mi sikuona hii," Patron akasema. "Niliona violeti ya bluu." Kisha wote wawili wakaniangalia.

Baba, walifikiri nimeibadilisha wao walipoondoka. Patron alimngoja mama atoke, akaniuliza polepole, na polepole yake inaogopesha kuliko kelele, "Faida, uligusa?" Nikasema sikugusa. Akaniuliza, "Sasa, ulipoiangalia, wewe uliona nini?" Nikasema niliona maharage. Akaiinua kadi moja, akaiangalia. Kisha akasema, "Basi labda ni macho. Kuna watu rangi hawazioni vizuri, wanazaliwa hivyo. Si zambi. Lakini mutu kama huyo hawezi kufanya kazi hii. Tumalize huu mwezi, tutaona."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nisikae kwenye basi na watu. Shangazi aliponiuliza nina nini, nilimwambia ni jua.

Siku zile nilikuwa napima macho yangu kwa siri. Nilipita sokoni Kinama, nikasimama mbele ya mama mmoja muuza nyanya, nikazipanga nyanya zake kuanzia iliyoiva sana mpaka mbichi, kisha nikamwuliza kama nimepanga sawa. Akaniangalia. "Umepanga sawa. Sasa unanunua au unafundisha?" Nilinunua mbili. Kesho yake nikarudi, nikapanga pilipili. Akamwambia jirani yake, "Huyu ndiye ule mukobwa, ule msichana wa kupanga." Usiku nikawa nafunga jicho moja kisha jingine, nikiangalia kitenge cha Shangazi kwenye kamba. Niliwaza, kama sioni rangi vizuri, je, zile nilizokuchanganyia utotoni, ukaniambia ni nzuri, ulikuwa unanionea huruma? Swali hilo ndilo lililoniuma kuliko kupoteza kazi.

Sasa usikilize jinsi nilivyogundua.

Ilikuwa siku ya mvua, hakuna wateja. Patron alikaa kwenye kiti changu kucheza karata kwenye ile portable ya fedha. Alikuwa amezifungua karata hizo kando ya kadi ya Mama Konsolata, ambayo bado ilikuwa kwenye kioo upande mmoja. Mimi sikuwa na mahali, nikaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Siku zote ninakaa pembeni, lakini kwenye benchi lile sijawahi kukaa, maana ni la watu wanaolipa. Nikainua macho.

Kadi ilikuwa zambarau. Zambarau nzito yenye wekundu chini yake, kama kanzu.

Nikasimama. Ikageuka bluu, imepauka. Nikakaa. Zambarau. Nikasimama tena, nikainama nusu, nikakaa, nikasimama.

"Faida," Dada Espe akasema bila kuacha kuandika, "una siafu kwenye sketi?"

Nikamwendea, nikamnong'oneza kwamba kioo kile kina rangi moja kwa aliyekaa mbele, nyingine kwa aliye kwenye benchi, na nyingine kwa aliyesimama. Nilitaka yeye amwambie Patron. Espe akasikiliza, kisha akasema kwa sauti ya soko, "Patron, Faida ana neno."

Patron akageuka. "Neno gani?"

"Akuambie mwenyewe," Espe akasema. "Mi nina barua ya mutu hapa."

Nilieleza vibaya. Maneno yalitoka nyuma mbele. Patron akasema kila kioo kinang'aa, akaniambia nisitafute mtu wa kubeba kosa, hasa mashine ambayo haiwezi kujitetea. Lakini hakusema nitoke. Akasema kesho Baba Idi anakuja na Mama Konsolata anakuja, nionyeshe mbele yao, tumalize.

Basi siku ya pili wakawa wote watatu mbele yangu, nami nimeshika meza isije ikakimbia. Nilifungua kadi kwenye portable ya fedha. Nilimwomba Baba Idi akae kwenye kiti changu, Mama Konsolata kwenye benchi kama siku ile, na Patron asimame nyuma kama siku ile. Nikawauliza wanaona rangi gani.

"Zambarau," akasema Mama Konsolata.

"Violeti," akasema Patron.

"Biringanya," akasema Baba Idi. "Biringanya ya jana."

"Ni kitu kimoja," Patron akasema. "Zambarau, violeti, biringanya, ni maneno tu. Mi nikisema violeti, yeye akisema zambarau, tunaona sawa."

"Apana," Mama Konsolata akasema, "violeti ni ya maua."

"Na biringanya si ua?"

"Biringanya inakulwa."

Wakaanza kubishana kama biringanya ina ua, na ua lake ni rangi gani, na mimi nikaona yote yananiponyoka. Maneno ya rangi ni mabaya, Baba. Yanawapatanisha watu ambao hawaoni kitu kimoja, na yanawagombanisha wanaoona sawa. Hapo nikakumbuka kwamba wewe hujawahi kumwuliza mteja jina la rangi. Unamletea vibao vyako vidogo ulivyovipaka, unasema, "Gusa."

Nikatoka bila kuomba ruhusa. Nafikiri walidhani nimekimbia kulia. Nilikwenda kwa fundi cherehani wa jirani, nikamwomba gunia lake la vipande, vile anavyokata na kutupa. Nikarudi nalo kifuani, nikapekua na kutoa vyote vyenye uzambarau, ubluu na ukahawia, nikagawa mafungu matatu yanayofanana, fungu kwa kila mmoja.

"Tafadhali," nikasema, "kila mtu achague kipande kinachofanana na kioo, akifiche mkononi. Musisemeshane."

"Mwalimu amefika," Dada Espe akasema.

Wakachagua. Patron alichelewa zaidi, akijaribu kimoja na kingine hewani. Nikasema wafungue mikono. Mama Konsolata alikuwa na zambarau nzito. Patron alikuwa na bluu iliyopauka, ya shati la shule. Baba Idi alikuwa na kahawia yenye wekundu, maharage kabisa.

Patron akasema, "Tubadilishane nafasi." Alifikiri mtu amekosea. Akaja yeye kwenye kiti, Baba Idi akaenda kwenye benchi akijisogeza kwa adabu mbali na Mama Konsolata, naye mama akasimama nyuma. Wakachagua upya. Kwenye kiti kikatoka maharage. Kwenye benchi kikatoka zambarau. Nyuma kikatoka bluu. Rangi hazikufuata watu, zilifuata viti.

Baba Idi akapiga paja. "Wallahi, nilikuwa nauza rangi tatu kwa bei ya moja, na sijui."

Nikaifungua ile nyeusi, nene, yenye Q ya mfupa. Kadi ile ile, sikugusa chochote. Wakachagua. Wakafungua mikono: maharage, maharage, maharage. Nilitamani kuchora tena pale pale, na nikachora, nikavuta ile rangi kuelekea kanzu mpaka Mama Konsolata aliposema hapo. Safari hii hata mimi niliona hapo. Wakachagua vipande. Zambarau tatu.

Mama Konsolata alichukua vile vipande vitatu, akavipanga juu ya kanzu yake, akavisawazisha kwa kiganja. "Kumbe hakuna aliyedanganya," akasema. Akaniangalia. "Hata wewe, kwenye kiti chako, uliona maharage, na ulikuwa na haki. Sasa mbona hukuniambia siku ile?"

Hilo ndilo swali, Baba. Kioo kilikuwa na kosa lake, lakini mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa mtu pekee aliyekaa mahali pa kuona kadi itakavyotoka, na nikanyamaza kwa sababu mkubwa wangu amesema ndiyo. Nikamjibu, "Niliogopa, Mama." Akasema, "Adabu ni kumuambia mukubwa polepole. Si kumuacha aanguke."

Patron hakupenda kushindwa na mashine nyeusi. Akaizunguka kama ng'ombe wa mnada. "Na umeme ukikatika? Betri ya hii inakufa mbele Baba Yetu haijafika kwa mkate wa kila siku."

Nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, "Patron, rangi mbaya hata ikikaa saa tatu bado ni mbaya. Nusu saa inanitosha kuhifadhi na kuzima. Kazi nyingine nitaichora kwenye karatasi kwanza, umeme ukirudi ninaihamisha. Baba yangu anafanya hivyo na hana umeme kabisa."

Espe akaacha kuandika. Mpaka leo, chai ikiwa chungu au mlango ukigoma, anasema kwa sauti yangu ndogo, "Patron, chai mbaya hata ikikaa saa tatu."

Patron alichukua ile nyeusi. Ya fedha Baba Idi aliibeba kwapani, akasema ataitafutia mtu wa kuandika barua tu, maana herufi nyeusi ni nyeusi kutoka kila kiti, na atamwambia mapema ilivyo. Wakati wa kufunga, Patron alisimama mlangoni akiangalia mvua. Hakusema lolote juu ya mwezi kuisha, wala juu ya macho. Alisema, "Ile benchi, kesho uisogeze hapa karibu na kiti chako. Kila muteja akae sehemu zote mbili mbele ya kusema ndiyo." Kisha akaongeza, "Na wewe useme unachoona. Hata kama ni maharage."

Kwa hiyo sasa ndivyo tunavyofanya. Mteja akija ninampisha kiti changu, naenda kukaa kwenye benchi. Ni mahali pangu nilipopazoea, pembeni, lakini sasa nikiwa pembeni ninafanya kazi.

Na nilikuwa nikikukumbuka kila siku. Unakumbuka ulivyokuwa ukimaliza kibao unashuka ngazi, unavuka barabara, unasimama upande huu, kisha upande ule, kisha unarudi kama anayetoka sokoni, nami nalia njaa na kuuliza kwa nini hatuendi nyumbani? Ulisema, "Kibao hakisomwi na aliyekiandika." Nilidhani ni maneno ya kuninyamazisha. Je, kuna siku ulivuka barabara ukaona rangi nyingine? Ulifanyaje? Uliifuta, au uliiacha kwa sababu mwenye duka ameshasema ndiyo? Nataka kujua. Na nikuulize kingine: wekundu ule unaotia chini ya zambarau, unauweka kwanza au mwisho? Kwenye kompyuta hakuna chini, kila kitu kiko juu, nami nimepapasa wiki nzima.

Kadi zilichapwa upya na Mama Konsolata akazichukua ndani ya ule mfuko wa kanzu. Ameniwekea moja yangu. Wataimba Jumapili ya tatu kutoka leo, mchana, ili watu wawahi kurudi, na Shangazi ameniambia tutakwenda pamoja ikiwa njia itakuwa nzuri. Kadi hiyo ninakutumia, imo ndani ya bahasha hii kati ya kurasa. Anaileta mama mfanyabiashara wa mafuta ya mawese anayekaa ua mmoja nasi. Mpe maji, ni mtu mwema, na usimwulize mambo ya barabara huku, atakwambia mpaka umwambie anyamaze.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kikohozi nimempa huyo huyo. Msalimie Bibi, mama yako, mwambie mjukuu wake amejifunza kusema mbele za watu watatu. Msalimie mdogo wangu Amisi, ambaye natumaini ndiye anayekushikia ngazi sasa. Asiiachie hata akiitwa na wenzake. Msalimie pia jirani yetu fundi wa baiskeli aliyenipa kalamu siku ya kuondoka. Bado inaandika, ni hii.

Kadi msiiangalie kwa pamoja. Wewe iangalie mlangoni, kwenye jua. Mama aiangalie ndani, karibu na moto. Bibi mumpelekee pale anapokaa, asinyanyuke. Kisha kila mmoja atafute ndani ya nyumba kitu kinachofanana nayo, kitambaa, kopo, tunda, chochote, akishike nyuma ya mgongo. Mkishafungua mikono, niandikie mmeshika nini.

Ni mimi binti yako wa kwanza, niliyekuwa nakushikia ngazi,

Faida